Nimekwama ubeti wa tatu: vina vimeisha na shairi halijafika nusu

Kalamu Kavu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kiufundi, maneno ya kutiana moyo nimeshayapata ya kutosha. Shairi ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) ya mtiririko, mizani (silabi) 8 kwa 8 kila mshororo, lengo beti 12. Mada ni shida ya maji mtaani. Kibwagizo hiki hapa:

*Bomba halitoi maji, twashinda na ndoo tupu.*

Beti mbili za kwanza ziko tayari. Ya tatu imegoma, leo siku ya tisa. Imefika hapa:

*Serikali tunahitaji, mtusaidie chapu chapu,*
*Tumechoka na ulaji, wengine wanakunywa supu,*
*................, ................ jipu,*
*Bomba halitoi maji, twashinda na ndoo tupu.*

Mkononi limebaki "jipu" na sioni pa kulipachika. Hii ndiyo hali ya mtunzi kukaukiwa? Inatibiwaje?

fundi_vina
Hujakaukiwa mkuu. Umeishiwa maneno ya -pu, na yalikuwa yameisha kabla hujaanza.

Piga hesabu. Mtiririko maana yake vina vilevile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kibwagizo kinajirudia, kwa hiyo kila ubeti unakudai maneno matatu mapya kwenye utao (nusu ya pili ya mshororo). Beti 12 mara 3 ni maneno 36. Sasa yaorodheshe: tupu, supu, jipu, kapu, kikapu, chapu, upupu, lipu. Ukikamua sana utafika kumi na ushei, na hapo kapu na kikapu ni mtu na mwanawe. Hayo mengine utayatoa wapi?

Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, hauna tatizo. -ji ina uji, mji, taji, jaji, mtaji, mfereji, hitaji, na juu ya hapo kila tendo lina mtendaji wake: mchotaji, mfugaji, muuzaji. Umetia tajiri upande mmoja na maskini upande wa pili, ndiyo maana shairi linachechemea.

Kibaya zaidi, kina kikiwa haba kinashika usukani. Supu imeingiaje kwenye shairi la maji? Mada haikuiita, imeitwa na kina. Na jipu liko mlangoni linasubiri zamu yake.

Bi Ukwapi
Kabla ya vina, mwanangu, tuhesabu mizani kwanza.

Se-ri-ka-li-tu-na-hi-ta-ji: tisa.
M-tu-sa-i-di-e-cha-pu-cha-pu: kumi.
We-ngi-ne-wa-na-ku-nywa-su-pu: tisa.

Katika vipande vinne, kilichokaa sawa ni "Tumechoka na ulaji" peke yake. Sehemu ya kukwama kwako ni hii: sikio linajua mshororo umevimba, kalamu haijui, basi mkono unagoma. Marekebisho ni mepesi. "Tunahitaji" ifanye "twahitaji", unapata nane. "Chapu" moja inatosha, nane. "Wengine wanywao supu", nane. Mizani imekaa, ingawa supu bado haina kazi pale.

Hesabia vidole vya mikono miwili bila gumba, vinane kamili, kila silabi kidole. Ukigusa gumba umezidisha. Ila kuwa macho na M na N. M ya ngeli ya m-/wa- na ya m-/mi- inajitegemea: m-tu mbili, m-bu-nge tatu, m-vu-la-na nne. Ya ngeli ya n- inameza konsonanti inayofuata: mbu-zi ni mbili. Mfano mzuri ni mbuni. Ukimtaja ndege ni mizani mbili, mbu-ni. Ukiutaja mti wa kahawa ni tatu, m-bu-ni. Halafu kuna vifupi ambavyo nazali yake hubeba mkazo: n-chi, n-ne, n-ge, n-ta, kila kimoja mizani mbili.

Maneno yenye silabi funge (inayoishia na konsonanti) kama "alfajiri" watunzi hawakubaliani. Kuna wanaohesabu al-fa-ji-ri, nne, na kuna wanaohesabu a-l-fa-ji-ri, tano. Shika njia moja shairi zima. Ukiihesabu nne ubeti wa pili na tano ubeti wa saba, hapo umevunja.

Kalamu Kavu
Shikamoo Bi Ukwapi, nimeelewa. Fundi, kwa hiyo nibadilishe kina au nibadilishe shairi zima?

fundi_vina
Badilisha kibwagizo. Ndiyo msingi, ukiubomoa sasa utapoteza beti mbili, ukiung'ang'ania utapoteza kumi na mbili.

Ukwapi wako "Bomba halitoi maji" ni mzuri, uache. Geuza utao. Unaweza kusema "ndoo tupu twashindia", mizani nane, na -ia haiishi hata utunge beti mia. Lakini hiyo ni kina cha bure. Kitenzi chochote cha Kiswahili ukikinyambua kinakupa kina bila jasho: funga, fungwa, fungika, fungana, fungisha, fungia. Msomaji akishaona maneno matatu yanayofanana kwa kiambishi tu anajua hujatafuta. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: katika vina vitatu vya upande mmoja, cha bure kisizidi kimoja. Viwili viwe nomino, au vitenzi ambavyo sauti hiyo iko kwenye mzizi.

Jaribu: *Bomba halitoi maji, ndoo zetu zina vumbi.* Ndo-o-ze-tu-zi-na-vu-mbi, nane. Faida yake ya pili ni kwamba "tupu" ilikuwa inaeleza, "vumbi" inaonekana. Ndoo ikikaa siku nyingi bila maji inashika vumbi ndani.

Sasa pandisha -mbi. Chukua karatasi, andika irabu tano kusimama: -ambi, -embi, -imbi, -ombi, -umbi. Kila moja ipitishe kwenye konsonanti kuanzia b hadi z ukiisoma kwa sauti. Dhambi, kambi. Wimbi, mawimbi, vitimbi. Ombi, maombi. Vumbi, kivumbi, tumbi, ukumbi, kumbi. -embi unaweza kutoka mikono mitupu, usibishane nayo. Kina kimoja kinakula kama nusu saa. Fanya hivyo KABLA ya kuandika ubeti wa kwanza, usisubiri ubeti wa tatu.

Kamusi ya kitabu haikusaidii hapa maana imepangwa kwa herufi ya mwanzo. Ukiwa na kompyuta, weka orodha ya maneno kwenye Excel, neno moja kila mstari, kisha chuja kwa sharti la "inaishia na". Ni haraka. Hasara yake ni kwamba inakuletea na maneno usiyoyatumia maishani, na neno la kuazima kwa siku moja huonekana tu.

tenzi254
Naongezea: kwa nini mtiririko? Kwa -mbi maneno hayafiki 36 vilevile, atakwama ubeti wa tano badala ya wa tatu. Aende ukaraguni, kila ubeti na vina vyake, kibwagizo kibaki palepale. Hapo anahitaji maneno matatu tu kwa kila upande, na hata kina haba kinatosha kwa ubeti mmoja.

Kuna ukara pia: ashike -ji kwenye ukwapi shairi zima, abadilishe utao tu. Ila -ji mara 36, nyingi zikiwa za -aji, mfugaji mchotaji mlaji mpigaji… msomaji atasinzia.

Na kama amekwama kabisa, aivunje tarbia aiandike kwanza kama utenzi. Mizani 8, mishororo minne, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne ndiyo bahari, yaani kina kinachobaki kilekile hadi mwisho. Kina cha kati hakipo, nusu ya mzigo imeshuka. Mfano:

*Madumu yako foleni,*
*Yana rangi ubavuni,*
*Wenyewe wako nyumbani,*
*Bado wanajilalia.*

Ukishapata beti ishirini za namna hiyo una malighafi. Unarudi kwenye tarbia ukijua unataka kusema nini.

fundi_vina
Foleni sawa, lakini ubavuni na nyumbani ni -ni ya mahali. Cha bure viwili! 😀

tenzi254
Nimekubali faini. Rasimu ya kupatia malighafi hailipiwi ushuru lakini.

Guni Tupu
Jamani mnamtesa mwenzenu. Aachane na vina, aandike shairi huru, mawazo yatatiririka yenyewe.

Bi Ukwapi
Jina lako linakutosha, baba: guni ni shairi lililovunja kanuni.

Kwa uzito wake: mjadala huo umelumbwa tangu miaka ya 1970 na kila upande una hoja. Ila usimdanganye mleta uzi kwamba huko hakuna kukwama. Kwenye arudhi, yaani kanuni za ushairi wa kimapokeo, mshororo unakatwa na mizani. Kwenye shairi huru, mtunzi ndiye anayeamua kila mstari uishie wapi na kwa nini, na asipokuwa na sababu linabaki aya ya gazeti iliyovunjwa-vunjwa. Aliyekwama kwa kukosa la kusema atakwama huko pia, tena bila kina cha kusingizia.

Mwana wa Pwani
Yakhe, msisahau lahaja. Kina kikigoma kwa Kiswahili sanifu huenda kipo pwani. Njaa ni ndaa, njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato, kucheza ni kuteza. Kiamu, lahaja ya Lamu, maji ni mai, umeshatoka kwenye -ji uko kwenye -i. Lakini usichovye. Ukisema "mato" ubeti wa kwanza kwa sababu ya kina, na "macho" ubeti wa pili kwa kuwa hapo hakina dhiki, msomaji wa Mombasa atakucheka na wa Dodoma hatakuelewa. Ama shairi zima liwe na ladha hiyo, ama uache.

Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) pia zina kiasi. "Alonipenda" badala ya "aliyenipenda" inapita, "afiya" badala ya "afya" inapita. Ukilazimika kufupisha maneno matatu katika mshororo mmoja, tatizo si mizani. Mshororo wenyewe umebeba mambo mawili. Ugawe.

Halafu liimbe. Shairi la Kiswahili lilitungwa liimbwe, tafuta mahadhi unayoyajua ya tarbia, jirekodi kwa simu, sikiliza. Kipande cha mizani tisa utajisikia unakimbia, cha saba utajisikia unavuta. Sikio litakuonyesha mahali kabla ya vidole.

Kalamu Kavu
Asanteni. Kina nimekielewa. Sasa swali la pili: hata nikiwa na maneno, baada ya beti mbili sina la kusema zaidi ya "maji hakuna". Nalisema kwa njia nyingine, linarudi lilelile.

Nahodha Mkongwe
Hapo ndipo penyewe. Vina ni nusu ya maradhi, nusu ya pili ni ghala tupu.

Beti 12 zinataka hoja 12. "Maji hakuna" ni hoja moja, na imeshasemwa na kibwagizo, kwa hiyo hata ubeti wa kwanza hauna haki ya kuirudia. Kabla ya kutunga andika sentensi moja ya nathari kwa kila ubeti, bila vina wala mizani, lugha ya kawaida ya kumwambia jirani. Ukifika ya tano ukakosa ya sita, basi shairi lako ni la beti tano, na si aibu. Bora tano zilizoshiba.

Sentensi hizo hazitoki kichwani kwa kukodoa macho ukutani. Nenda panapouzwa maji, kaa saa moja asubuhi na daftari, andika vitu na majina yake, usiandike hisia. Dumu la lita 20, ambalo likijaa ni kilo ishirini na kitu kichwani. Rangi iliyopakwa ubavuni ili mtu ajue lake. Kipande cha nailoni kinachowekwa chini ya kifuniko ili maji yasimwagike njiani. Mkokoteni unabeba madumu mangapi, yamefungwa kwa kamba ya mpira au ya katani? Boza likija nani analikimbilia, nani anabaki kulinda foleni? Koki iliyoachwa wazi usiku ikilia shii kwa hewa. Mita inayozunguka kwa upepo uliosukumwa bombani, na watu wakadaiwa. Hapo una beti sita tayari, na hujasema "tunateseka" hata mara moja.

Ukirudi nyumbani, pitia orodha hiyo na uangalie maneno yanaishia na nini. Foleni, kamba, koki, mita, dumu, nailoni. Vina vya shairi vitoke humo. Watu wengi huchagua kina kwanza halafu wakatafuta mada ya kukijaza, ndipo supu inapoingia.

Jambo jingine: futa ubeti wa salamu. "Nashika yangu kalamu, nipate kuwaeleza" na "Hodi hodi ukumbini" zimekula ubeti mmoja bila kusema kitu, na mwishoni "Kalamu naweka chini" itakula mwingine. Kati ya 12 unabaki na 10. Wengi wanaodhani wamekwama ubeti wa tatu hawajaanza, wamemaliza kupiga hodi tu.

fundi_vina
Naunga mkono. Na katika kuupanga ubeti wenyewe usianze juu kushuka chini. Mshororo wa nne unao tayari, ni kibwagizo. Tunga wa tatu kwanza, ndio unaokipokea, na mpe neno zito kuliko yote uliyonayo. Kisha wa kwanza, kisha wa pili. Ukianza juu unamaliza maneno mazuri mapema, wa tatu unabaki na makapi. Ndivyo ulivyoachwa na jipu.

Nimejaribu ubeti wa kwanza kwa mtindo huo. Neno zito lilikuwa "wimbi", nikaliweka wa tatu:

*Jogoo wa kwanza mji, unaamka kwa ombi,*
*Watoto hawana uji, kulalamika si dhambi,*
*Foleni kwa wauzaji, imevimba kama wimbi,*
*Bomba halitoi maji, ndoo zetu zina vumbi.*

Ona "unaamka": u-na-a-m-ka, tano, maana M ya amka inajitegemea. Mahali dhaifu ni "kulalamika si dhambi", inanukia kujaza. Kipimo cha kujaza ni kukifuta kipande ukaona kama ubeti umepoteza kitu. "Hakika nawaambia", "kwa yakini ndugu zangu", "sikieni walimwengu", zote hizo ukifuta hakipungui kitu. Kipande cha namna hiyo kikitokea mara mbili ubeti mmoja, hoja iliisha mapema. Rudi kwenye ile sentensi ya nathari.

tenzi254
Kwa anayependa kusukumwa, ipo pindu. Kipande cha mwisho cha ubeti kinakuwa cha kwanza cha ubeti unaofuata. Ukitoa mshororo wa mwisho, ubeti una mizani 48 za kutunga. Pindu inakupa nane bure na inakuonyesha kina cha ukwapi papo hapo. Ila haipatani na kibwagizo. Kibwagizo hakibadiliki, kwa hiyo kila ubeti ungeanza na "Ndoo zetu zina vumbi" na ukwapi ungefungwa kwenye -mbi milele. Ukitaka pindu, weka kimalizio kinachobadilika.

Njia nyingine ni kumjibu mtu. Muyaka bin Haji na washairi wenzake wa Mombasa walikuwa wakijibizana, na magazeti tangu Mambo Leo ya 1923 yalikuwa na kurasa za mashairi. Ukimjibu mtunzi kwa umbo la shairi lake na vina vyake, nusu ya maamuzi ameshakufanyia, kazi yako ni kumpinga. Kwa mazoezi hakuna kinachofungua mkono haraka kama hicho.

Kalamu Kavu
Nimefuata: ukaraguni, nathari kwanza, mshororo wa tatu kwanza. Nathari ilikuwa "mita inazunguka kwa hewa, bili inakuja, ukienda kuuliza jibu ni lilelile". Huu hapa:

*Usiku yalia mita, ni upepo upitao,*
*Bili nayo yafuata, kwa maji tusiyonayo,*
*Ukiuliza wakuta, majibu ni hayo hayo,*
*Bomba halitoi maji, ndoo zetu zina vumbi.*

Nahodha Mkongwe
Sasa tunasoma maji. Jipu limepona.

Bi Ukwapi
Mizani zote nane, nimezipitia mara mbili. Ukwapi mita, yafuata, wakuta, safi. Utao una mwiba mmoja: upitao inaishia na -o, tusiyonayo na hayo zinaishia na -yo. Kwa jicho zinafanana, kwa arudhi si kina kimoja. Kipande cha kwanza kifanye *upepo waenda mbiyo*. U-pe-po-wa-e-nda-mbi-yo, nane, na mbio kuandikwa mbiyo ni ruhusa ya zamani.

Bado kumi. Lete wa dumu na kipande cha nailoni.